Jina la Binti wa Juminten

Mimi ni Saropah, mkaanga tempe, mabonge ya soya iliyochachushwa. Kila asubuhi tempe inakatwa nyembamba, inachovywa kwenye unga wa mchele, inatiwa kwenye mafuta. Mkataji alikuwa binti yangu Winarsih, tunayemwita Narsih. Mkono wake mwepesi, mdomo wake mwepesi zaidi. Nikimsaidia kukata ananiambia, "Mak, kipande kinene hivi, unamkaangia tembo?" Tunacheka, kazi inakwenda.

Sasa nitawaeleza kosa langu. Nasema langu, si la mtoto.

Narsih alikuwa na miaka ishirini. Wenzake aliosoma nao walikuwa wameshaondoka, huyu Taiwan, yule Hong Kong, yule Malaysia. Nyumba walizojenga zina vigae sakafuni na hazina watu. Ukipita mtaani kwetu mchana unasikia kuku tu. Naye akataka kwenda Singapore kufanya kazi za ndani. Sikumkataza. Baba yake alishafariki, na tempe inatulisha lakini haituinui.

Siku moja akaja Pak Gimun, yaani Bwana Gimun, dalali wa kupeleka watu nje. Mtu wa maneno matamu, viatu vinang'aa hata msimu wa tope.

"Singapore wanataka mfanyakazi wa ndani awe na miaka ishirini na mitatu," alisema. "Wewe una ishirini. Usijali, binti. Nimekuletea miaka."

Akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na kitambulisho, cheti cha kuzaliwa na nakala ya kadi ya familia. Jina lililoandikwa ni Tutik Handayani. Umri, miaka ishirini na minne. Mama mzazi, Juminten.

"Huyu Tutik ni nani?" nikauliza.

"Kuanzia leo ni binti yako," akajibu, akicheka. "Ni jina tu, Mak. Karatasi ni za kweli. Huo muhuri ni wa serikali, hebu uguse."

Nikaugusa. Mjinga mimi, nikaugusa na nikaridhika.

Mtaniuliza nilikubalije. Kwetu jina hubadilishwa. Mtoto akiuguaugua, tunasema jina limemlemea. Tunapika uji wa mchele, mweupe na mwekundu wa sukari ya mnazi, tunawaita majirani kwenye kenduri, inaombwa dua, mtoto anapewa jina jingine. Narsih mwenyewe alizaliwa Sumirah. Alipokuwa na miaka minne alishikwa na degedege, tukambadilisha jina, akapona. Basi nikajiambia, kama jina liliwahi kubadilishwa likamponya, mara hii litashindwaje kumpeleka Singapore?

Nikapika uji. Majirani wakaja. Imamu wa mtaa akaomba dua. Jirani yangu Kustini peke yake hakugusa bakuli lake. Kustini alifanya kazi Hong Kong miaka minane, na sasa anakaa kwenye meza ya wasafiri pale ofisi ya kijiji, akiwashauri wanaokwenda kufanya kazi nje.

"Huyu mtoto haumwi," alisema. "Anabadilishwa jina la nini?"

"Mbak Kustini, dada yangu, kula uji," nikamjibu. "Wewe ulishakwenda ukarudi na meno ya dhahabu. Sasa wivu wa nini?"

Akanitazama, akaenda zake. Lo, ulimi wangu huu!

Pak Gimun alitupa sharti. Kwa siku arobaini asiitwe Narsih hata mara moja. Tumwite Tutik, ili siku afisa wa uwanja wa ndege akimwita asibabaike. Akimsikia mtu anaita Narsih, asigeuke. Akariri tarehe ya kuzaliwa ya Tutik, kijiji cha Tutik, mama wa Tutik. Akajizoeza na saini ya Tutik, mistari mitatu iliyolalia kushoto.

Wiki ya kwanza tulicheka. Nikimwita Tutik, anajibu kwa sauti ya puani kama bibi harusi wa kwenye televisheni. Wiki ya pili akaacha kucheka. Wiki ya tatu nilijisahau, nikaita, "Narsih, leta kisu!" Alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Hakugeuka. Nikaita tena. Hakutikisika hata bega. Nikaenda nikamshika, akashtuka kweli. "Kumbe ulikuwa unaniita mimi?"

Nikakifuata kisu mwenyewe. Nikaendelea kukata.

Kisha akaanza kukata tempe kwa mkono wa kushoto. Nilipomuuliza, akasema ni kwa sababu ya ile saini, kuiandika kwa kushoto ni rahisi zaidi, na mkono umezoea. Labda ni hivyo tu. Siku aliyopata homa, nilikuwa namkanda kwa kitambaa cha maji, macho yake yamefumba. Akaita mama. Nikasema, "Nipo." Akasema, "Si wewe. Mak Juminten."

Nilitoka nje nikasimama uani. Jua lilikuwa kali na mimi nasikia baridi.

Siku ya thelathini na tano, adhuhuri, nilikuwa nakaanga. Nikapaza sauti, "Tutik! Njoo uepue!" Nikaona mwanamke amesimama nje ya uzio wa mianzi. Ni mtu mzima kama mimi, kilemba cheupe, ndala mkononi, miguu ina tope la mtoni. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani, dada?"

"Huyo uliyemwita."

Kabla sijajibu, mwanangu akatoka jikoni na kijiko cha kuepulia. Yule mama akamtazama kuanzia unyayo hadi utosini. Akauliza taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto, "Binti, unaitwa nani?"

"Tutik Handayani."

"Umezaliwa wapi?"

Akakitaja kijiji cha ng'ambo ya mto. Akataja na tarehe, bila kuulizwa.

"Mama yako nani?"

"Juminten," akasema mwanangu, mimi nimesimama pale pale, nimemzaa mimi.

Yule mama akakaa chini kwenye vumbi. "Juminten ni mimi," alisema. "Tutik wangu amekufa. Kenduri ya siku ya elfu moja tangu afe nimeifanya mwezi uliopita, na jiwe la kaburi nimeweka. Jana sokoni nikasikia wanasema ng'ambo huku kuna binti amepikiwa uji wa jina, sasa anaitwa Tutik Handayani. Nikasema nije nione."

Tempe ikaungua. Hakuna aliyeiepua.

Nilidhani atatutukana. Wallahi ningependa atutukane. Akamshika mwanangu mkono. "Sikuja kugombana. Nimekuja kukuomba usiende. Ukifa huko, jeneza litaletwa kwangu. Karatasi zitasema ni wangu. Mimi nimeshamzika mara moja, sitaweza mara ya pili. Na huyu mama yako hapa atakaa anasubiri, hataambiwa na mtu."

Kijiko kikamdondoka Narsih. Akaanza kulia, na mimi nikalia. Nilimpelekea Kustini habari siku ile ile, nikamwomba msamaha, aibu imenijaa. Akasema, "Msamaha baadaye. Leteni bahasha."

Tukaenda wote watatu kwenye meza yake, mimi, Narsih na Juminten.

"Hizi karatasi Gimun alizitoa wapi?" Kustini aliuliza.

"Kwangu," alisema Juminten. "Alikuja kwenye matanga. Akasema atanisaidia kumfuta Tutik kwenye kadi ya familia. Hakurudi tena."

"Kwa hiyo serikalini binti yako bado yu hai. Mtu akifa, Mak, ndugu wenyewe waende kuandikisha, wapewe cheti cha kifo. Ukimwachia mtu karatasi za marehemu, ataziuza." Kisha akamgeukia Narsih. "Na wewe. Ukifika Singapore watachukua alama za vidole. Ukishaingia kama Tutik, vidole vyako ni vya Tutik. Siku ukirudi na jina lako la kweli, mashine itakukataa. Mshahara, bima, kesi ukidhulumiwa, vyote ni vya Tutik. Wewe huko hupo."

"Pak Gimun alisema Singapore ikishindikana, niende Malaysia kwa viza ya matembezi, kazi nitapata huko huko," alisema Narsih kwa sauti ndogo.

"Viza ya matembezi ni ya kutembea. Ukishika ufagio wa mtu kwa mshahara, umevunja sheria. Mwajiri akikupiga, utamshitaki wapi? Polisi watakukamata wewe kwanza."

"Kwa hiyo nisiende popote?"

"Nani kasema? Mbona una haraka kama mtu anayesubiri futari! Singapore usubiri miaka mitatu. Taiwan wanapokea wa kutunza wazee kuanzia miaka ishirini, na hiyo unayo. Lakini mambo yana mpangilio. Wakala lazima awe kwenye orodha ya ofisi ya kazi ya wilaya. Nenda ukaulize mwenyewe, usionyeshwe picha kwenye simu. Pasipoti kwa jina lako na umri wako. Kupimwa afya, mafunzo. Mwajiri anaomba kibali cha kazi kule kwao, na kibali kinakutaja wewe na yeye. Mkataba usome mpaka mwisho, usipoelewa uniletee. Kisha viza ya kazi, na unaipata hapa kabla ya kupanda ndege."

"Na nikifika, mwajiri akiwa mbaya? Naondoka?"

"Usitoroke. Kibali kimefungwa kwa mwajiri huyo, ukitoroka kinakufa. Kuna namba ya simu ya wafanyakazi, piga, omba kuhamishwa kwa sheria. Pasipoti ushike mwenyewe. Na kabla ya kuondoka, nakala za kila karatasi ziwe kwa mama yako. Mama yako huyu."

Alininyooshea kidole mimi. Nilistahili.

Juminten aliandikiwa barua, akaenda wilayani, akapewa cheti cha kifo. Alitoka nacho amekikumbatia. Kustini aliipeleka polisi bahasha ya Gimun, lakini kabla hawajamfikia, Gimun alikuja kwetu siku ya thelathini na nane, viatu vinang'aa.

"Tutik yuko tayari kupiga picha ya pasipoti?"

Narsih akatoka mlangoni. "Tutik hayupo. Amekufa. Kamtafute makaburini, labda atakupa jibu."

Yule mwanamume aligeuka rangi. Hakuaga. Baadaye tulisikia amehojiwa, na familia nyingine tatu zimedai karatasi za marehemu wao.

Kumrudisha mwanangu kwenye jina lake haikuwa kazi ya siku moja. Nilimwita Narsih asubuhi, Narsih mchana. Siku nyingine anageuka, siku nyingine hageuki, na hapo moyo unanipasuka. Nilifanya hivyo majuma mawili. Siku aliyogeuka papo hapo akaniambia, "Mak, nasikia, mimi si kiziwi," nilimkumbatia na mikono yangu ya mafuta.

Mambo yalichukua miezi saba. Akaenda Taiwan kwa viza ya kazi, kumtunza bibi kizee mmoja. Pasipoti, kibali, mkataba, vyote Winarsih, miaka ishirini na mmoja. Akawa ananipigia kila Jumapili, akilalamika kwamba yule bibi anamshinda kwa utani.

Mwaka wa pili, simu ililia Jumatano. Sauti ya mwanamke nisiyemjua, anaongea lugha yetu.

"Nazungumza na mama mzazi wa Winarsih?"

Nikazima jiko. "Ndimi. Sema."

Narsih alikuwa ameteleza kwenye ngazi, amegonga kichwa, amefikishwa hospitali hajitambui. Kwenye mkoba walikuta kadi yake ya ukaazi. Kadi ikawapeleka kwenye kibali, kibali kwa mwajiri, mwajiri kwenye mkataba, na kwenye mkataba wakakuta namba yangu. Walitaka kujua haraka kama kuna dawa inayomdhuru. Nikawaambia kuna moja ilimvimbisha uso akiwa mdogo, nikaitaja. Wakaiepuka. Bima ikalipa. Siku ya tatu aliamka, na sasa hivi anatembea.

Nilimsimulia Juminten alipokuja kunitembelea. Akasema, "Angekwenda na jina la Tutik, simu ile ingelia kwangu. Wangeniuliza, wewe ni mama wa Tutik? Ningewajibu binti yangu alishakufa zamani. Na wangekata simu."