Kipande cha Bondeni

Kila alasiri, akitoka shule, Theopista alivua sare, akachukua reki na kumfuata baba yake, Cletus, kwenye barabara ya moto. Haikuwa barabara ya magari. Ilikuwa ukanda wa ardhi tupu, uliofyekwa ili moto wa porini usivuke kuingia kijijini.

Cletus alikuwa mrina asali wa Ugalla. Kiangazi cha mwaka 1994, baada ya kurina, aliuacha mwenge wa kufukizia nyuki chini ukiwa bado unafuka. Moto ukateketeza malisho na zizi la jirani yake Malale, mfugaji wa Kisukuma. Malale alitaka afungwe. Badala yake, hakimu alimpa kifungo cha nje: aishi nyumbani, afyeke barabara ya moto kuzunguka kijiji, akikaguliwa na Bi Goreth, afisa ustawi wa jamii. Akikiuka, angepelekwa gerezani.

"Baba yako mfungwa!" Ndaki, mtoto wa Malale, alimkejeli Theopista shuleni. "Tena jela yake haina hata mlango!"

Maneno hayo yalimchoma. Alitaka kazi ile iishe upesi. Kikabaki kipande kimoja tu bondeni, chenye matete na visiki vigumu.

"Baba, hapa tuache," alisema. "Bi Goreth huwa anaishia kule juu. Huku hafiki."

"Yeye hafiki. Na moto je?"

Theopista aliishika tena reki yake. Walifyeka, wakang'oa, wakakwatua mpaka udongo ukabaki mtupu.

Siku chache baadaye, moto ulizuka porini, upepo ukausukuma moja kwa moja bondeni. Watu walikimbia na matawi mabichi mikononi. Miali ilifika kwenye ukingo wa udongo, ikayumba, ikakosa cha kula, ikazimika. Vigelegele vikalipuka.

Malale alimshika Cletus mkono. "Bwana, mimi niliomba ufungwe. Ungefungwa, leo ng'ombe wangu wangekuwa majivu."

"Gereza lingemwondoa tu," alisema Bi Goreth, aliyekuwa amekuja mbio pamoja na wanakijiji. "Kifungo cha nje kimemfanya alipe alichoharibu." Kisha akamgeukia Theopista. "Baba yako amenieleza habari za kipande hiki. Kumbuka, mwanangu: kazi hufanywa kwa ajili ya moto, si kwa ajili ya mkaguzi."

Ndaki alisogea, macho chini. "Theo, nyie kwenu mna reki nyingine? Nije niwasaidie kuutunza ukanda huu."

"Ipo," alijibu Theopista. "Ila mpini wake mzito. Jela yetu haina mlango, ingia tu."