Tiketi Mbili za Treni na Betri ya Moyo wa Mume Wangu

Nani alikuwa anamfulia mume wangu mashati?

Swali hilo lilininyima usingizi mwezi mzima... Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina digrii na sina kazi, na kutwa nilishinda chumbani kwetu mtaani Obunga nikiwaza.

Owino, mume wangu, alikuwa akileta samaki mjini kutoka Asembo Bay, kule ziwani. Kwa sababu moyo wake ulipiga polepole mno, kabla hatujaoana madaktari wa Nairobi walimwekea kifaa chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, chenye waya unaoingia moyoni. Sisi tulikiita betri.

Mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, alianza kutoka na shati moja asubuhi na kurudi na jingine. Lile la asubuhi lilirudi siku ya pili, limefuliwa, limepigwa pasi, linanukia sabuni ambayo sikuinunua mimi! Kwetu, mwanamke akimfulia mwanamume shati, huyo si mgeni tena. Jirani yangu alishika kola akacheka. "Mama, mke mwenzako anapiga pasi kukushinda."

Nilimfuata. Akaingia nyumba moja mtaa wa Migosi, ya Sista Adhiambo, muuguzi mjane... Mrembo, mtulivu, ana kazi. Kila nilichokosa mimi, yeye alikuwa nacho. Sasa alimtaka na mume wangu?

Kisha nikakuta tiketi mbili za treni ya Nairobi mfukoni mwa koti lake. Mbili! Nikazichana mbele yake.

Owino akafungua shati. Juu ya kovu la zamani palikuwa na bandeji. Alinieleza kuwa kidonda kilikuwa kinatoa usaha, kwamba Sista alikuwa akikisafisha na kufua shati lililochafuka, na kwamba daktari alimtaka Nairobi haraka, naye Sista angemsindikiza. Hakuniambia kwa kuwa alijua jinsi ninavyowaza.

Je, nilimhurumia? La. Nilimuuliza jambo moja tu: "Kwa nini kifua chako kionwe na mwanamke mwingine kabla yangu?"

Sikuishia hapo. Nilimkataza kwenda Nairobi, kisha nikaenda Migosi nikamtukana yule mama mbele ya majirani zake. Owino akaapa hatakanyaga pale tena. Nikaona nimeshinda...

Wiki mbili baadaye homa ilimpanda, akatetemeka hadi kitanda kikalia. Ngozi juu ya betri ilikuwa imepasuka, chuma kinaonekana! Daktari wa hapa mjini alisema vijidudu vilikuwa vinafuata waya kuelekea moyoni. Ilibidi betri na waya vyote vitolewe Nairobi, achomwe sindano majuma kadhaa, ndipo awekewe betri nyingine upande wa kulia.

Owino akageukia ukuta. Aliamini wakiitoa, moyo utasimama. "Uliniambia nisiende," akasema. "Basi siendi."

Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumshawishi, na mimi nilimjua. Lakini niliwaza mkono wa Sista kifuani mwa mume wangu... Afadhali afe akiwa wangu? Ndiyo, wasomaji wenzangu, niliwaza hivyo! Nikajiogopa.

Leo Owino yu hai, na betri yake mpya iko kulia. Lakini ilibaki kidogo sana tumpoteze. Nawasihi, mkiona kidonda, tazameni kidonda, si mkono uliokifunga. Wivu wangu ulikuwa na haraka kuliko ugonjwa.

Alasiri ile ile Owino alipogeukia ukuta, nilinunua tena tiketi mbili, nikasimama mlangoni Migosi, majirani wale wale wakitazama. Niliomba msamaha kwa sauti ya kusikika na wote. Sista hakunikaribisha ndani.

"Sikumtaka bwana yako," alisema. "Nilitaka afike kwa daktari." Kisha akauliza homa imeanza lini, akachukua mkoba wake.

Owino alipomwona, alinitazama mimi kwanza.

"Nenda naye, Baba," nikamwambia.

Stesheni nilimpa Sista tiketi ya pili kwa mkono wangu, pamoja na mashati matatu niliyoyafua na kuyapiga pasi mwenyewe.