Maji Kabla ya Ufagio

Ko... swii. Ko... swii.

Kulikuwa hakujapambazuka, na Ndunge alijua, bila hata kufumbua macho, kwamba mdogo wake Lenny ameamka. Ko ni mguu mzima ukigonga saruji. Swii ni mguu mfupi ukiburura kiatu ambacho soli yake nene ilikuwa imebanduka.

"Lenny, rudi ulale."

"Najifunza kutembea," Lenny alijibu gizani. "Jumatatu watoto wa gredi ya kwanza wasinicheke."

Ndunge alijifunika blanketi hadi kichwani, na si kwa sababu ya baridi.

Mama yao alikuwa fundi wa viatu hapo Kiandutu, mjini Thika. Viatu vyake vilikuwa vya watoto ambao mguu mmoja umeuzidi mwingine kwa urefu. Alibandika soli juu ya soli, kisha akazisaga kwa mashine yenye jiwe lililozungushwa na mota ya umeme, mpaka zikae sawasawa. Zikizidi kidogo upande mmoja, mtoto huyumba na nyonga humuuma. Kiatu kipya cha Lenny kilikuwa kimeshabandikwa. Kilingojea jiwe tu, na tangu jana jiwe lilikuwa limekataa kuzunguka.

Baada ya chai, Ndunge alimfuata mama hadi kibandani. Muasya, kijana aliyemsaidia mama kazi, alikuwa ameketi juu ya debe. Siku nyingine angeita kutoka mbali, "Niaje, Mheshimiwa Ndunge! Leo umeosha uso?" Leo alimtazama tu.

"Mama Ndunge, aki mashine niliirudisha ndani," alisema.

"Juzi uliitoa barazani upate mwanga," mama alijibu. "Na usiku mvua ikanyesha. Kama haikunyeshewa, ilipatwa na nini?"

"Hata mimi sijui."

"Basi fundi akisema ni maji, Muasya, itabidi urudi kwenu Masinga. Siwezi kufanya kazi na mtu asiyetunza chombo."

Ndunge aliokota kipande cha ngozi sakafuni, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

Fundi Njau, wa kutengeneza mota, alifika kutoka Kimbo, kule Ruiru, mkoba wa vifaa begani. Alikuwa mzee wa maneno machache.

"Mgonjwa ni huyu?" aliuliza, akaiwasha mashine. Mmmmm, mota ikanguruma, jiwe likabaki palepale. Akaizima upesi na kuchomoa waya ukutani. "Mota ikilia bila kuzunguka, msiiache kwenye umeme. Itajichoma."

Alilizungusha jiwe kwa mkono. Likazunguka kwa wepesi. "Beringi ni nzima." Akainamisha pua karibu na matundu ya mota, akavuta pumzi. "Hainuki kuungua." Akatoa kapasita, kile kikopo kidogo kinachoipa mota nguvu ya kuanza, akafunga nyingine nzima kutoka mkobani. Akajaribu tena. Mmmmm. "Basi si kapasita."

Aliifungua mota upande wa nyuma, akachungulia.

"Haiya! Tazameni."

Ndani kulikuwa na swichi ndogo, ile inayofikisha umeme wa kuanzishia mota. Ilikuwa imegandwa na tope jeusi, gumu kama ukoko wa ugali.

"Hili ni vumbi la soli," Njau alisema. "Lakini vumbi peke yake haligandi hivi. Kuna maji yameingia."

Mama alimgeukia Muasya. Muasya hakungoja kuambiwa. Alisimama, akaondoa koti lake kwenye msumari.

"Sawa, Mama Ndunge. Nitaenda. Lakini mvuani sikuiacha."

"Ngojeni kwanza," Njau alisema. "Lazima nijue maji haya yaliingiaje. Kama ni mvua, yamezama hadi kwenye nyaya za ndani. Nitaibeba Ruiru ikauke wiki nzima, na pengine nizifunge nyaya upya. Nikiiwasha leo kwa kubahatisha, itaungua, au imrushe mtu kwa shoti. Kama ni matone tu, naisafisha hapahapa. Mota haina mdomo. Anayejua ndiye atuambie."

Ndunge aliiona ile jioni ya juzi kana kwamba bado inaendelea: wenzake wakimwita nje wakacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, naye bado hajafagia kibanda. Nyanya yake alimfundisha tangu utotoni, maji kabla ya ufagio, vumbi lisije likapanda. Na kila jioni Muasya humkumbusha, "Ndunge, gunia kwanza!" maana mashine ilipaswa kufunikwa kabla ya kunyunyiza. Jioni ile Muasya alikuwa ameshaondoka. Ndunge alitumbukiza mkono kwenye beseni, akarusha maji ovyoovyo. Yakatua juu ya mota, nayo ingali moto. Chsss. Aliipangusa kwa pindo la gauni, akakimbia kucheza.

Alimtazama Muasya akivaa koti, mkono mmoja umeingia, mwingine bado.

"Ni mimi," alisema. "Si mvua. Nilinyunyiza maji kabla ya kufunika. Mashine ilikuwa ndani. Muasya alikuwa ameirudisha."

Nje, mtu alipita akiuza mboga.

"Maji mengi, mami?" Njau aliuliza kwa upole.

"Kiganja kimoja. Kiliangukia huku nyuma."

Njau alikubali kwa kichwa. Alikwangua tope, akasugua ncha za swichi kwa msasa laini, akaiacha mota wazi juani mpaka adhuhuri. Kisha akazipima nyaya kwa mita, akazipima tena, akaifunga. Aliiwasha. Jiwe likazunguka kwa sauti ile ile ya zamani.

Mama hakumkaripia Ndunge. Alimkalisha kando yake, akamwita na Muasya.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Umeficha kosa dogo la maji, Ndunge, nalo likakua. Ilibaki kidogo limfukuze mtu kazini na kumwacha ndugu yako bila kiatu. Ukikosea, sema mapema, kosa lingali dogo." Kisha akainamisha macho. "Mimi nami nimekosa. Fundi alipima kabla ya kusema. Mimi nilihukumu kabla ya kupima. Muasya, nisamehe."

Muasya alilirudisha koti kwenye msumari. "Yameisha, Mama Ndunge. Na wewe, Mheshimiwa, jioni ni nini kwanza?"

"Gunia," Ndunge alisema, akifuta machozi.

Jumatatu, kabla ya mapambazuko, Ndunge aliamshwa na hatua sakafuni. Ko. Ko. Ko. Zilikuja hadi kando ya kitanda, zikasimama.

"Ndunge," Lenny alisema, "sibururi kiatu tena."