Rangi za Sarafu ya Nne

Kila siku masomo yalipokwisha, Kidoti alipitia kwenye studio ya mama yake kabla ya kurudi nyumbani. Kilikuwa chumba kimoja kirefu kilichobanwa kati ya duka la madaftari na kibanda cha fundi viatu. Mbele palikuwa na benchi la wateja. Katikati lilining'inia pazia la buluu, na nyuma ya pazia kulikuwa na meza ya kompyuta na taa mbili za miguu mirefu. Kidoti alifagia, akafuta vumbi kwenye taa, kisha akashika mkasi na kukata picha za pasipoti, nne nne, bila kupinda hata kidogo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lake lilitokana na doa dogo jeusi kwenye shavu la kulia. Wateja wa siku nyingi walimwita mpiga picha mdogo. Alipenda kuitwa hivyo kuliko alivyopenda peremende.

Muhula wa pili ulipoanza, mama yake mdogo alipata kazi mji wa mbali, akamleta binti yake akae nao. Huyo binti naye alikuwa na miaka kumi na miwili, ila kila alichokifanya alikifanya polepole mno. Akitumwa chumvi, mboga ziliiva zikaliwa bila chumvi. Kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Taratibu, na mwenyewe hakukasirika.

Mwanzoni Kidoti alimpenda. Walilala chumba kimoja na kucheka pamoja. Mambo yalibadilika siku Mzee Kinyozi alipoingia studio na mkebe wa biskuti kwapani.

Mzee Kinyozi alinyoa watu mtaani pale kwa miaka arobaini. Sasa macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, na kinyozi asiyeona vizuri hapati mteja wa pili. Alikuwa anafunga kibanda chake. Ndani ya mkebe mlikuwa na bahasha ndogo kumi na mbili za karatasi, na ndani ya kila bahasha sarafu moja ya fedha halisi, ya zamani, isiyotumika tena sokoni.

"Shikamoo, Babu," walisema watoto kwa pamoja.

"Marahaba, wajukuu zangu. Njooni muone, ila msizishike usoni. Shikeni ukingoni, hivi."

Alitoa moja. Kidoti alitarajia kuona kitu cheupe king'aacho. Aliona rangi. Ukingo ulikuwa na buluu hafifu, ikafuatiwa na zambarau, kisha dhahabu iliyofifia kuelekea katikati, kama mafuta yanavyotandaza rangi juu ya dimbwi la maji.

"Umezipaka, Babu?" aliuliza Taratibu.

"Hakuna mkono wa mtu hapo. Fedha ikikaa miaka mingi ndani ya karatasi, hewa na karatasi huivisha rangi polepole. Wapo wanaozisugua zing'ae. Ukisugua, umefuta miaka arobaini kwa dakika moja, na hairudi." Alimgeukia mama yake Kidoti. "Wanangu wanaona vyuma tu. Lakini yupo mwalimu mstaafu, anakusanya sarafu kama hizi. Yuko mbali, anataka picha kwanza. Amesema picha zifanane na sarafu zenyewe, zisizidi wala zisipungue."

"Hapo pana kazi," alisema Mama. "Vitu ving'aavyo huisumbua kamera."

"Niachie mimi, Mama," alisema Kidoti haraka.

Mama alimwachia kamera ndogo. Kidoti akapiga kwa mwanga wa kamera, sarafu ikatoka na doa jeupe katikati. Akazima mwanga, akawasha taa ya pembeni, sarafu ikatoka nyeusi kama kifuniko cha sufuria kilichoungua. Alipiga picha thelathini. Rangi zilizoonekana kwa macho hazikuonekana hata kwenye picha moja.

Taratibu alikuwa amekaa dirishani na sarafu mkononi, akiigeuzageuza. Alikaa hivyo muda mrefu, hadi Kidoti akaudhika.

"Wewe, unacheza au unasaidia?"

"Natazama," alijibu Taratibu. "Nikiilaza hivi, rangi zinapotea. Nikiielekeza dirishani, zinarudi. Zinaonekana mwanga ukizipiga moja kwa moja kutoka juu."

"Na kamera iko hapo hapo juu," alisema Mama. "Itaukinga huo mwanga."

Taratibu akaenda kwenye kona ya fremu mbovu, akatoa kipande cha kioo chembamba, akakisimamisha kwa mshazari juu ya sarafu, chini ya kamera. Taa ya pembeni iligonga kioo, mwanga ukashuka juu ya sarafu, na kamera ikaona kupitia kioo hicho hicho. Mama akaweka karatasi nyeupe pembeni ili kamera ijue weupe ni upi, akabonyeza. Wote watatu waliinama kwenye kioo cha kamera. Buluu ilikuwapo. Zambarau ilikuwapo. Dhahabu ilikuwapo, hafifu vilevile.

Mama alimshika Taratibu begani. "Mwanangu, wewe una jicho la mpiga picha. Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na tano, hilo sikuliwaza."

Maneno yale yalimwingia Kidoti kama mwiba. Miaka minne alikuwa amefagia chumba kile na kukata picha bila kupinda, na Mama hakuwahi kumwambia ana jicho la kitu chochote. Huyu alikuja juzi, hata kufagia hajui, na tayari ana jicho.

Usiku alipoulizwa swali, alijibu kwa "mm". Asubuhi alitangulia shuleni peke yake. Taratibu alipomwazima rula, aliirudisha bila kuitumia. Hakuna aliyemwuliza ana nini, na hilo nalo lilimwongezea uchungu.

Siku ya Ijumaa Taratibu alimaliza kupiga sarafu zote kumi na mbili. Alimwonyesha Mama kwenye kamera, moja baada ya nyingine, kisha akazihamishia kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye kamera. Mama alikuwa azitume jioni ile. Mara ikaingia familia ya watu sita na mtoto mchanga anayelia, wakitaka picha ya pamoja, na Mama akaingia nyuma ya pazia. Taratibu akatumwa dukani kununua bahasha. Kidoti akabaki peke yake mbele ya kompyuta.

Alijua mahali pa kuongezea rangi, kwa sababu mara nyingi aliwaona maharusi wakiomba maua yao yakolezwe. Alifungua picha ya kwanza, akavuta alama kuelekea kulia. Sarafu ikawaka. Akafungua ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa ya kijivu yenye ukingo wa buluu nyembamba kama uzi. Akavuta hadi mwisho, ikawa buluu na zambarau tupu kama mkia wa tausi. Alihifadhi kila moja juu ya ile ya mwanzo. Alitaka kitu kimoja tu: Mama azione, akunje uso, aseme, "Taratibu, umeharibu."

Mama alitoka nyuma ya pazia akifuta jasho. Hakuzifungua picha. Alikuwa ameshaziona kwenye kamera. Alizichagua zote, akabonyeza, zikaenda.

Kidoti alichukua ufagio, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Jumatatu Mzee Kinyozi alikuja akitabasamu hadi magego. Mwalimu alikuwa amepiga simu. Hajawahi kuona sarafu nzuri kiasi kile, na ile ya nne imemnyima usingizi. Atakuja mwenyewe Jumamosi.

"Ni kazi ya huyu," alisema Mama, akimsogeza Taratibu mbele. Kisha akafungua kabati, akatoa kamera kubwa, ile ya harusi, ambayo Kidoti hakuwahi kuruhusiwa hata kuibeba, akamvisha Taratibu shingoni. "Jumapili utanisaidia kwenye harusi."

Kidoti alikwenda uani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimchimbia mwenzake shimo, na mwenzake akapanda juu ya kifusi. Alilia kwa hasira, na hakujua kama anamlilia Taratibu au anajililia mwenyewe.

Jumamosi asubuhi Mwalimu alishuka kwenye basi na kuja moja kwa moja studio. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine imening'inia kifuani kwa uzi. Alisalimia vizuri, akatoa picha alizochapisha, akazipanga mezani, kisha akaomba sarafu. Alikwenda nazo dirishani. Alitazama ya kwanza, akatazama picha yake. Alitazama ya pili. Alipofika ya nne alibadilisha miwani.

"Mzee wangu," alisema polepole, "hii ya nne iko wapi?"

"Si hiyo hapo, Mwalimu."

"Hii ni ya kijivu. Niliyoiona kwenye picha ilikuwa ya zambarau. Nyingine pia zimezidishwa. Nimekaa kwenye basi kwa muda wa saa tano kuja kuona kitu ambacho hakipo."

Mzee Kinyozi alitoa kofia. Akaanza kuikunja vidoleni. "Mimi sijawahi kumdanganya mtu hata kwa unywele mmoja. Macho yangu hayazioni hizo picha vizuri. Niliamini."

"Sijasema umenidanganya. Nasema hizi sizo zile."

Mama aliishika picha ya nne, na uso wake ukabadilika. "Taratibu, mwanangu. Uliongeza rangi?"

"Hapana, Mama mkubwa."

"Sasa ziliongezekaje?"

Taratibu alimtazama Kidoti mara moja tu, kisha akaangalia chini. Akaanza kuvua mkanda wa kamera kubwa shingoni, taratibu kama kawaida yake, kama mtu anayerudisha kitu ambacho si chake tena.

Hapo ndipo Kidoti alipopata alichokitaka. Mama alikuwa amekunja uso, na Taratibu alikuwa amesimama mbele ya watu kama mharibifu. Alingoja furaha ije, haikuja. Alichokiona ni vidole vya mzee vikikunja kofia.

"Ni mimi," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Ni mimi niliyeongeza, nikahifadhi juu ya zile za mwanzo. Ijumaa, Mama ulipokuwa nyuma ya pazia. Nilitaka ionekane Taratibu ameharibu. Kwa sababu ulimwambia ana jicho."

Kwa muda ilisikika nyundo ya fundi viatu tu, ko, ko, upande wa pili wa ukuta. Kidoti alingoja kofi au makelele. Mama alivuta pumzi, akamgeukia mgeni.

"Mwalimu, mtoto ametenda kosa lake, na mimi nina langu. Kazi ilitoka studio kwangu bila mimi kuitazama mara ya mwisho. Picha za mwanzo hazipo tena. Tupe muda tuzipige upya mbele ya macho yako. Ukiridhika, vizuri. Usiporidhika, hatutakulaumu."

"Basi langu ni saa tisa," alisema Mwalimu, akavuta kiti.

Mama akawapanga. Taratibu ashike kioo na kurekebisha taa. Kidoti akae dirishani na sarafu mkononi, aseme kwa mdomo anachokiona, kisha alinganishe na picha kwenye kompyuta.

"Buluu pembeni," alisema Kidoti kwa sauti ndogo.

"Buluu gani?" aliuliza Mwalimu. "Ya anga au ya wino?"

Kidoti alitazama tena, safari hii kweli kweli. "Ya anga, asubuhi mapema. Na kuna kikwaruzo chini ya herufi ya mwisho."

"Kionekane na hicho kikwaruzo," alisema Mwalimu.

Walipiga, wakalinganisha, wakarudia. Sarafu ya sita iliwachukua karibu nusu saa. Njaa iliwauma, wakaendelea. Kati ya sarafu ya nane na ya tisa, Kidoti alinong'ona, "Ulijua ni mimi. Mbona hukusema?"

"Sikukuona kwa macho yangu," alijibu Taratibu. "Singeweza kusema nisichokiona."

Kidoti aliinama juu ya sarafu hadi macho yalipokauka.

Saa nane na nusu Mwalimu alisimama, akaweka picha mpya karibu na sarafu zake. Alichukua kumi na moja, kwa bei waliyokwisha kupatana na mzee kwa simu. Ya nne aliirudisha kwenye bahasha.

"Haina kosa lolote," alimwambia Mzee Kinyozi. "Ila mimi nilikwisha kuipenda nyingine. Nikiipeleka hii nyumbani, kila siku nitaitafuta ile zambarau."

Kidoti alipiga goti mbele ya mzee. "Babu, nisamehe. Imebaki kwa sababu yangu."

"Imebaki kwa sababu yako, kweli," alisema mzee, bila kulainisha. Kisha akamwinua. "Na nimekusamehe. Mama yako ataipeleka picha yake ya kweli kwa wengine. Atapatikana anayependa kijivu. Hata mimi kichwa changu ni cha kijivu, na mke wangu hajanirudisha kwenye bahasha."

Taratibu ndiye aliyecheka wa kwanza.

Jioni, walipokuwa wakifunga milango, Kidoti alibaki nyuma na mama yake. Alikuwa ameambiwa mapema kwamba kwa muhula mzima hataigusa kompyuta ya studio, na hakubisha.

"Mama, nimemwomba radhi, amenisamehe. Lakini ule wivu bado upo. Hata sasa hivi, nikikumbuka kamera kubwa, unaniuma."

Mama aliweka kufuli chini, akaketi naye kwenye benchi la wateja.

"Utauma, mwanangu. Wivu haupigi hodi, unaingia tu, hata kwa watu wazima. Mimi namwonea wivu mwenye studio ya kule stendi, mwenye taa sita. Kuusikia si kosa. Kosa ni kuupa mikono yako ukufanyie kazi. Wewe ulitaka kumshusha Taratibu. Umemwumiza mzee wa watu, umemchosha mgeni, na wewe mwenyewe hukupanda hata kidole kimoja. Na mimi nilikosea. Miaka minne unafagia na kukata picha bila kupinda, nikadhani unajua kwamba naona. Naona. Siku nyingine ukiumwa, njoo uniambie kabla hujagusa kitu. Na ukimwona mwenzako anajua usichokijua, mwombe akufundishe. Ndiyo njia pekee ya kumfikia."

Nje, Taratibu alikuwa amesimama kando ya barabara akiwangoja, akitazama dirisha la duka la madaftari jinsi lilivyoushika mwanga wa jioni.

Kidoti akachukua kufuli, akatoka na Mama, akalifunga yeye mwenyewe, akamfuata Taratibu.

"Kile kioo," alisema, "unakilaza kiasi gani?"