Protini Waliyoiita Yatima

Jamani, nisikilizeni, hasa nyinyi mlio na watoto ndani na elimu kichwani. Nasimulia habari za nyumba ya kaka yangu, tumezaliwa tumbo moja, na sisimulii ili mumcheke. Kaka ni mtu mwema. Angekuwa mtu mbaya, ningeshamtukana zamani na mambo yakaisha.

Tulikaa jengo moja. Yeye, mkewe na binti yao ghorofa ya tatu, mimi chini kabisa, cherehani yangu karibu na mlango ili nipate mwanga na nisipitwe na habari za watu. Binti yao tulimwita Kiberenge, kama kile kigari cha relini, kwa sababu kutembea hakukujua, ni mbio tu. Ukimtuma chumvi dukani unasikia ngazi zinalia pa-pa-pa, na hujamaliza kumenya kitunguu kimoja amesharudi, chenji kaisahau hukohuko.

"We mtoto, utatuangushia jengo la watu!" nampigia kelele.

"Shikamoo shangazi!" anajibu, na yuko ghorofa ya pili tayari. Marahaba yangu ilikuwa inamfuata kwa nyuma.

Shuleni hakuna aliyemfikia kwa mbio. Mwalimu wa michezo alikuwa ameshazungumza na wazazi wake: akimaliza darasa alilokuwamo aende chuo cha michezo, nafasi ipo. Jumapili alasiri tulikuwa tukikusanyika kwa kaka, chai mezani, madirisha wazi, wifi yangu akimsuka binti yake ambaye hatulii, na kaka akitueleza kazi yake.

Kaka ni mtafiti. Kwa miaka mingi alifanya kazi maabara akichunguza protini moja tu iliyomo katika miili yetu, mimi na wewe. Kwenye vitabu ina jina la herufi na tarakimu, lakini wao kazini waliiita Yatima, kwa kuwa hakuna aliyejua inafanya nini wala ni ya ukoo gani. Alinieleza kwa lugha ya fundi cherehani. Alisema protini ni kama uzi mrefu wa shanga, unajikunja wenyewe mpaka unapata umbo, na umbo ndilo linaloipa kazi. Yatima upande mmoja imejikunja vizuri ikawa donge, upande wa pili ina mkia ambao hautulii, leo hivi, kesho vile.

"Kama mwanao," nikamwambia.

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Alikuwa akiipenda Yatima yake, kaka. Alisema inapatikana kwa wingi kwenye misuli ya moyo, kidogo kwenye damu, na kwenye ini hata chembe hamna. Yeye alidhani kazi yake ni kushikanisha seli za moyo zisiachane moyo unapokwenda kwa kasi. Alidhani, nasema. Likumbukeni neno hilo.

Sasa sikilizeni balaa lilipoingilia. Maabara kwao, damu ya wagonjwa hospitali iliwapa. Damu ya watu wenye afya, ya kulinganishia, ilikuwa taabu kuipata, maana nani anakwenda kuchomwa sindano bure? Basi desturi yao ikawa kila mtafiti analeta ya nyumbani kwake. Kwa kaka, kutoa damu ilikuwa kama kutoa taka. Hata mimi nilichomwa, nikaambulia biskuti.

Kuiona Yatima walitumia kingamwili. Hiyo, kwa alivyonieleza, ni kama mbwa wa kunusa: unamfundisha harufu ya mtu mmoja, unamwachia, akimkuta anabweka. Akibweka, kwenye karatasi yao inatokea alama nyeusi. Mbwa huyo kaka alimtengeneza mwenyewe, kwa jasho lake, na alimwamini kuliko alivyotuamini sisi.

Kati ya wagonjwa wa moyo, kadhaa hawakuwa na alama. Wenye afya waliotoa damu walikuwa nayo: kaka, wifi, mimi, wenzake wachache. Isipokuwa kichupa kimoja. Akarudia, hola. Akarudia tena, karatasi nyeupe. Kilikuwa cha Kiberenge.

Siku hiyo alirudi nyumbani amekunjamana uso. Binti alikuwa akipanda ngazi mbio kama kawaida, baba yake akamdaka mkono.

"Simama! Kuanzia leo hukimbii."

"Kwa nini, baba?"

"Moyo wako haujashonwa vizuri."

Hivyo hivyo, kwenye ngazi, mbele yangu. Mtoto akacheka, akidhani ni utani. Alipomtazama baba yake usoni, akaacha kucheka.

Wifi hakukubali kirahisi. Alimpeleka binti kwa daktari wa moyo, akapimwa, akaangaliwa kwa mashine, akakimbizwa kwenye mkanda unaozunguka mpaka nguo zikalowa. Daktari akasema, "Mama, moyo huu ni wa punda. Mrudishe mtoto uwanjani."

Tukashangilia. Kaka alivyosikia, akatikisa kichwa kwa upole, ule upole wa mtu anayekuhurumia kwa ujinga wako.

"Daktari anaangalia ukuta, mimi naangalia matofali. Ufa ukifika kwenye mashine yake, tutakuwa tumeshachelewa."

"Lakini una hakika, baba nanii?" wifi akamuuliza.

"Nina hakika."

Mimi nikaropoka, siwezi kunyamaza: "Kaka, si wewe uliyesema hakuna anayejua kazi ya kidudu hicho?"

"Dada yangu, shona nguo."

Haya, nikashona. Ungebishana vipi na mtu aliyeipa protini moja nusu ya maisha yake? Halafu alikuwa analia, jamani. Nilimwona kwa macho yangu amekaa kwenye kitanda cha mtoto akilia. Mtu anayelia kwa mapenzi ni vigumu kumpinga. Ndiyo maana nasema tuwe macho na mapenzi ya namna hiyo.

Basi nyumba ikageuka hospitali isiyo na mgonjwa. Viatu vya mbio akapewa binti wa jirani. Chuo cha michezo kikaambiwa hapana. Kiberenge akawa anapanda ngazi hatua moja moja, anapumzika kila ghorofa, na kiti tukamwekea. Kucheka sana, asicheke. Jua kali, asitoke. Akishtuka kwa mlango kujibamiza, wote tunamkimbilia, "Vipi? Unajisikiaje?" Mtu ukimuuliza hivyo kila siku, siku moja atajisikia vibaya. Akaanza kushika kifua. Akaanza kuhesabu mapigo yake mezani huku chai ikipoa. Mwili usiofanya kazi ukalegea, akipanda kidogo anahema, na kaka anasema, "Mnaona?"

Na sisi, kweli, tukaona.

Miaka ikaenda. Akawa mwanamke mzuri, mnene kidogo, mpole kupita kiasi. Akafika fundi umeme kutengeneza taa za ngazi. Taa zikapona siku ile ile, lakini fundi akawa kila wiki anakuja kuzikagua. Nilimwambia, "Kijana, hizo taa zitakuja kukushtaki." Akacheka. Kiberenge naye akacheka, kule juu kwenye kiti chake, kicheko cha zamani. Moyo wangu ulifunguka siku hiyo.

Kijana akaja na mjomba wake kutoa posa kwa heshima zote. Kaka akawakaribisha, akawapa vinywaji, akawaambia ukweli kama alivyouona yeye.

"Binti yangu akibeba mimba, moyo wake hautahimili. Siwezi kuwaficha. Nyinyi ni waungwana na mimi ni muungwana."

Mjomba akaweka glasi chini taratibu, akaomba ruhusa waondoke. Kijana akarudi peke yake siku ya pili, akapanda mpaka mlangoni. Nilimsikia akisema, "Mimi sijali. Watoto si lazima. Nakutaka wewe."

Na nikamsikia Kiberenge akimjibu, sauti imetulia, "Nenda, tafadhali. Sitaki uje kunizika ukiwa bado kijana."

Hakufukuzwa na kaka, ndugu zangu. Alifukuzwa na mtoto mwenyewe, kwa maneno aliyofundishwa. Yule fundi baadaye alioa kwingine, na hana kosa.

Kaka kule kazini akafika mahali pa kuutangazia ulimwengu kwamba Yatima ndiyo uzi wa moyo. Lakini wataalamu wanaokagua kazi za wenzao hawakuridhika. Walimwambia: kwanza tuhakikishie kwamba mbwa wako anamjua mwizi. Tengeneza seli zilizoondolewa jeni ya Yatima, zisizo nayo kabisa, halafu umwachie. Akinyamaza, tutaamini.

Kipimo hicho mwenzake mmoja, mwanamke waliyeanza naye kazi siku moja, alikwishampendekezea zamani. Kaka alisema si cha lazima. Kutengeneza seli hizo wakati ule kulikuwa kazi ngumu, na mbwa alikuwa wake.

Sasa akalazimika. Akazitengeneza, Yatima hamna, akamwachia mbwa.

Mbwa akabweka.

Siku hiyo kaka alirudi mchana, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Akakaa kwenye kistuli cha wateja wangu, miguu imezama kwenye vipande vya kitambaa. Nikadhani kafiwa.

"Dada, ile alama nyeusi haikuwa Yatima."

"Ilikuwa nini?"

"Protini nyingine. Watu wengi wanayo, wengine hawana, na asiye nayo hapungukiwi kitu. Safari hii nimepima maabara nzima, hata ambao zamani hawakutoa damu. Yule mwenzangu anayecheza mpira kila Jumamosi hana. Mlinzi wa getini hana, ana watoto sita."

Mguu wangu ukasimama kwenye kikanyagio.

"Na Yatima yenyewe?"

"Nimepima kwa njia nyingine, Kiberenge anayo. Tele, kama mimi na wewe. Na hata asingekuwa nayo, sijui ingekuwa na maana gani. Sijui inafanya nini."

"Nani anajua habari hii?"

"Wenzangu. Nimewaambia asubuhi."

"Na mtoto?"

Akaokota kipande cha kitambaa, akaanza kukikunja.

"Kaka! Watu wa kazini umewaambia, na mwenye moyo wake hajui? Inuka. Inuka hapo!"

Tukapanda pamoja. Wifi alikuwa jikoni, Kiberenge sebuleni anakunja nguo, kila nguo polepole. Kaka akapiga magoti mbele yake, mzee mzima, akamweleza yote bila kuficha. Wifi akapiga yowe moja, akajifunika uso kwa kanga. Kiberenge aliendelea kukunja shati alilokuwa nalo mpaka likaisha.

"Kwa hiyo siumwi?"

"Huumwi, mwanangu. Hujawahi kuumwa."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Nisamehe."

Akainuka, akatoka, akashuka ngazi. Sisi nyuma yake. Alipofika chini kwenye mlango wangu akageuka, akazitazama zile ngazi, akakusanya gauni lake mkononi. Nikajua anataka kufanya nini, na machozi yakaanza kunitoka kwa furaha. Nenda mwanangu, nikasema moyoni, tuangushie jengo la watu!

Akakimbia. Pa-pa-pa, ghorofa ya kwanza. Pa, pa, kuelekea ya pili. Halafu kimya.

Tulimkuta amekaa kwenye ngazi, mgongo ukutani, mkono kifuani, uso umelowa jasho na macho yamemtoka kwa hofu.

"Baba, unadunda."

"Unadunda kwa sababu ni mzima, mama. Moyo wa kila mtu unadunda kwenye ngazi. Hata wangu, sikiliza." Akauchukua mkono wake akauweka kifuani kwake mwenyewe.

Kiberenge akauacha pale kidogo, kisha akautoa.

"Hivyo ndivyo unavyosema leo," akamwambia.

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Tukamletea kile kiti, akakaa, akapumzika, akamalizia kupanda hatua moja moja.

Ni miaka sasa. Daktari yule yule anamwambia mzima, anaitikia kwa adabu. Jioni kaka, naye sasa magoti yanamuuma, hushuka naye wakatembea mpaka kona na kurudi. Kila wakifika kona, mkono wa binti unapanda kifuani wenyewe. Kaka anauona, anaangalia pembeni. Majuto ni mjukuu, wahenga walisema, na mjukuu mwingine kaka hana.

Funzo

Ndugu zangu, kukisia si dhambi. Bila kukisia hakuna elimu. Dhambi ni kuchukua ulichokikisia ukamvika mtoto wako kama ukweli. Kazini kaka aliandika "huenda", kwa sababu wenzake wangemuuliza ushahidi. Nyumbani alisema "nina hakika", kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumkagua, na sisi tuliojaribu tuliambiwa tushone nguo. Mtoto wako anastahili ushahidi ule ule unaowapa wageni, na zaidi. Ukipewa ushauri kwamba chombo chako kijaribiwe kwanza, kijaribu, hata kama umekitengeneza kwa jasho lako. Na ujue kwamba hofu ukiipanda kwa mtoto kwa neno moja, huing'oi kwa neno moja.

Yatima bado iko miilini mwetu, na bado hakuna anayejua kazi yake. Juzi kijana mmoja wa chuo alikuja kumuuliza kaka protini ile inafanya nini. Kaka akajibu, "Sijui." Akarudia, "Sijui, mwanangu." Kiberenge alikuwa kwenye kiti chake pale ngazini, akasikia, akageuza uso ukutani.