Begi la Mama Hadijah

Jaliah anauza mitumba ya watoto katika soko la Mbale, Uganda. Ana maneno matamu. Hata samaki angemuuzia soksi. Binti yake Hadijah amekulia chini ya meza yake, kati ya marundo ya fulana.

Sokoni kuna desturi. Ukienda chooni au kuswali, unaacha begi lako juu ya meza. Jirani akiliona, anajua uko karibu na utarudi sasa hivi. Basi anakulindia. Hadijah aliijua kazi hiyo kabla ya kujua kuhesabu. Siku moja alimuuma kidole mteja aliyegusa begi la mama yake. Namono, muuza vitunguu wa meza ya pili, alicheka mpaka akakaa chini.

Alipofikisha miaka minne, Hadijah alipelekwa shule ya nasari, mtaa wa Nkoma. Siku ya kwanza alishika gauni la mama yake akalia. Jaliah alitoa maneno yake yote matamu. Mtoto hakununua hata moja. Mwishowe Jaliah akaweka begi lake jeusi kwenye kiti kidogo.

"Unaliona begi? Mama yuko hapa karibu. Linda."

Hadijah akanyamaza. Jaliah akapanda boda boda, akarudi sokoni. Pesa na simu alikuwa amezifunga kiunoni. Ndani ya begi kulikuwa na matambara tu.

Alifanya hivyo siku nne, akajisifu kwa Namono kwamba mtoto halii tena. Lakini Hadijah alirudi nyumbani na njaa, na nguo zimelowa mkojo. Jaliah akienda kuoga, mtoto alikaa mlangoni kumngoja. Dauda, mume wake, akasema shule haimfai, heri arudi chini ya meza. Jaliah aliumia. Yeye mwenyewe aliacha shule darasa la tatu. Hakutaka mtoto wake asomee chini ya meza.

Siku ya tano, Mwalimu Wilkista, mama mmoja Mkenya, alimwomba Jaliah asiondoke. Alimsimamisha nje ya dirisha, mahali ambapo mtoto hawezi kumwona.

Watoto walikimbilia uji. Hadijah hakwenda. Alikaa kando ya kiti, mkono juu ya begi, macho getini. Mtoto mmoja alimletea mpira. Hadijah akavuta begi kifuani. Baadaye mkojo ukamtoka, ukashuka mpaka kwenye viatu. Hakusogea.

"Mbona haendi chooni?" Jaliah aliuliza.

"Kila siku namwita. Ananiuliza, nani atabaki na begi?" Mwalimu akamtazama. "Mama Hadijah, umeniletea mwanafunzi au umeniletea askari?"

Jaliah alitaka kucheka. Machozi yakamtoka.

Mwalimu alimshika bega. Alimweleza kwamba mtoto kulia wakati wa kuagana si ugonjwa, wala si utundu. Mama asimtoroke, na asiseme yuko karibu kama yuko sokoni. Aage kwa maneno machache, kisha aondoke. Mtoto mdogo hajui saa, kwa hiyo aambiwe mambo anayoyaona na kuyasikia. Na mama akitaja wakati wa kurudi, arudi wakati huo.

"Atalia, Mwalimu."

"Atalia, nami nitampakata. Kulia kunaisha. Kumngoja mtu aliyesema yuko karibu hakuishi."

Kesho yake Jaliah alichuchumaa mbele ya binti yake, begi begani.

"Mama anakwenda sokoni. Wewe utakunywa uji, utacheza, utaimba. Ukisikia adhana ya adhuhuri, mama anakuja."

Alimpungia mkono, akatoka. Kilio kilimfuata mpaka barabarani. Dereva wa boda boda alimuuliza nani amekufa. Jaliah akapanda.

Karibu na adhuhuri alikuja mteja mzuri, anachagua magauni ya watoto wa harusi, na hana haraka. Jaliah alitazama mnara wa msikiti. Akamwachia Namono mteja na magauni, akakimbia. Muadhini alipoanza kuadhini, yeye alikuwa tayari getini, anahema.

Hadijah alimwona. Macho yake yalikuwa yamevimba. Lakini kidevuni alikuwa na uji.

Siku iliyofuata alilia kidogo. Wiki ya pili alilia mara moja tu. Nyumbani aliacha kukaa mlangoni, na Dauda hakutaja tena habari ya meza.

Alhamisi moja Jaliah alifika na adhana kama kawaida. Hadijah alikuwa kwenye foleni ya bembea, nyuma ya watoto watatu. Alikuja mbio, akamwekea mama yake mkoba wake wa shule mikononi.

"Mama, linda," alisema. "Zamu yangu bado."

Akarudi kwenye foleni bila kugeuka.

Jaliah akakaa kwenye kiti kidogo, magoti yamefika kidevuni, akalinda.