Mabomu Mawili ya Mjomba Ambwene

Mjomba wangu Ambwene wa Lufingo, ukimpa shikamoo leo, marahaba unaipata kesho. Alikuwa kiziwi wa kiwango cha mkoa. Mimi sasa, sisimizi akipiga chafya Isongole namjibu "afya" nikiwa kitandani, kwa hiyo nilikuwa namtania sana: mjomba, hii redio tunaiwashia migomba?

Ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zimeanza kuingia. Mwanawe Nelson alileta redio kaseti kutoka Mbeya, kubwa kama jeneza la mtoto, akiifungulia majani ya chai yanatikisika shambani. Mjomba anakaa pembeni yake, kimya. Anachosikia ni mluzi tu, tangu vita vya Kagera, mchana na usiku. Hospitali walimmulika masikio, wakasema ni mizinga ndiyo imeyaharibu, dawa hakuna, azoee.

Akazoea. Halafu mluzi ukaanza kukua.

"Si masikio haya," aliniambia siku moja tukimenya ndizi. Siku zote alikuwa anaongea kwa kupayuka. Siku hiyo alinong'ona. "Ni mabomu. Adui walikuwa wanatupa mawili mawili. Tukiwa handakini niliyasikia yanakuja. Sikuyasikia yakitua."

"Tangu vita vile, mjomba? Yanakuja kwa miguu?"

Hakucheka. "Yako karibu. Sitaki yanikute nyumbani kwa watu."

Akajijengea kibanda cha mianzi katikati ya migomba, akahamia. Mkewe Esnath alilia, akachoka. Chakula akawa anapelekewa na Sekela, mke wa Nelson.

Hapo ndipo penye kazi. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemeshani. Sekela akifika anasimama nyuma ya mgomba, anampa mzee mgongo, anakohoa. Mzee anatakiwa ajisogeze pembeni ndipo sahani iwekwe. Sasa mzee hasikii. Sekela alikohoa mpaka nikamwambia, shemeji, watakulaza wodi ya kifua. Ikabidi niwe naongozana naye, namgusa mzee bega.

Jumamosi moja, jua la mchana, nilibaki nyuma nachuma parachichi. Sekela akatangulia. Akakohoa. Akakohoa tena.

Mzee akageuka.

Akamtazama usoni.

"Mwanangu," akasema. "Lala chini."

Baba mkwe kumsemesha mkamwana. Sekela hakulala kwa ajili ya bomu, alilala kwa aibu. Alijitupa chini, akajifunika kanga kichwani.

Ndege wakanyamaza. Redio kule nyumbani ikakatika.

Sikusikia kitu. Mimi, wa sisimizi. Migomba ililala tu. Yote, kuzunguka kibanda, vichwa kwa nje, taratibu, kama watu wanaopisha maiti. Mbele ya mzee pakawa na shimo. Nikisema la kuingia ng'ombe mtasema naongeza. Lilikuwa la kuingia ndama. Hakuna chuma. Hakuna moshi. Nilishika udongo, ulikuwa wa moto. Ndizi kwenye sahani hazikumwagika.

Mzee alikuwa amekaa vilevile.

"Kuku wa nani huyo?" akauliza.

Kuku alikuwa kwa jirani Meshaki, ng'ambo ya mto.

Mjomba akawa anasikia. Nelson alichinja mbuzi, majirani wakaja, mzee akaomba redio ipunguzwe, tukacheka sana. Sekela hakula. Alikaa mlangoni, kichwa amekilaza upande mmoja. Nilipompitishia nyama akaninong'oneza.

"Shemeji, nani anapiga mluzi?"

"Mumeo huyo, anakuita ukaoshe vyombo."

"Nelson yuko kisimani."

Nikamtazama mjomba. Alikuwa mbali, kwenye kiti chake. Lakini sasa anasikia. Alikuwa ameweka nyama chini.

Haukupita muda Sekela akamwachia Esnath mtoto wake, akahamia kule kibandani alikohama mjomba. Hakufukuzwa. Nelson alimfuata mara nyingi, akarudi peke yake. Migomba imeota tena, isipokuwa shimoni. Hapaoti kitu pale, na mvua zote hizi za Rungwe, hapajawahi kutuama maji.

Sahani anapeleka mjomba. Anasimama nyuma ya mgomba, anampa Sekela mgongo, anakohoa.

Anangoja.

Anakohoa tena.